Wikendi ya Kiesperanto mwezi Desemba: tupange hapa hapa (mahali, bajeti, ratiba)

Kijani_Kihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, saluton kwa wanaojua, na habari za kazi kwa wasiojua.

Tangu Kongamano la Dunia la Kiesperanto lipite pale Arusha tarehe 3 hadi 10 Agosti 2024, la 109 na la kwanza kufanyika Afrika, sisi wa huku tumebaki kutumiana "Bonan matenon" kwenye kundi la WhatsApp kila alfajiri, halafu kimya mpaka alfajiri nyingine. Wazungu, Wabrazili na Wajapani walikuja wakaongea, wakaondoka. Sisi kwa sisi tukikutana Kariakoo tunaongea Kiswahili. Lugha inaota kutu mdomoni.

Napendekeza tukutane wikendi moja, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Watu 20, wakizidi 25. Mapendekezo yangu:

Tarehe: wikendi iliyo karibu na 15 Desemba, siku aliyozaliwa Zamenhof, mtunzi wa lugha hii, mwaka 1859. Waesperanto duniani kote huikumbuka siku hiyo, na wengi hununua kitabu.

Mahali: Arusha, kwa kumbukumbu ya kongamano.

Ratiba: Jumamosi ufunguzi, mgeni rasmi, mada tatu, maswali, picha ya pamoja, vyeti. Jumapili shukrani na kuagana.

Bajeti: ukumbi 150,000, spika na maiki 60,000, bahasha ya mgeni rasmi 100,000, mapambo 80,000, fulana za kijani 15,000 kila mtu, chakula cha mpishi, malazi. Nimepiga hesabu inakuja kama 85,000 kwa kichwa bila nauli.

Toeni maoni, msinipige mawe.

Mmachame_wa_Tabata

Mkuu, Arusha wikendi ya 15 Desemba? Umewahi kusimama stendi ya Magufuli pale Mbezi wiki hiyo? Sisi Wachaga ndio tunakwenda kuhesabiwa. Watu wanabeba magodoro, friji, mbuzi wa kuchinja kule kule. Tiketi zinakatwa Novemba. Ukinipandisha basi la Kaskazini tarehe hizo mimi sishuki Arusha, nashuka Machame, na hamnioni mpaka Januari.

Fundi_Saa

Naunga mkono aliyetangulia. Halafu mwanzisha uzi jina lako lenyewe ni Kihonda, stesheni ya SGR ipo mlangoni kwako, unatupeleka Arusha kutafuta nini? Dar hadi Morogoro daraja la kawaida ni 13,000, kama saa mbili umefika. Wa Dodoma nao wanashuka na treni hiyo hiyo. Morogoro ndiyo katikati.

Kijani_Kihonda

Nilikuwa naogopa mtasema najipendelea. Haya, Morogoro. Lakini mjue Desemba huku mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, na Uluguru ikivaa kofia ya mawingu asubuhi, mchana msianike nguo.

Sijui_Nimeingiaje

Samahani wakuu, mimi mpita njia. Hii Kiesperanto ni nini? Nimeona nyota ya kijani, salamu maalumu, "kongamano la dunia", mchango kwa kichwa. Ni dini mpya au ni ile biashara ya kuunganishana? Maana ya mwisho niliuziwa dawa ya meno ya laki mbili.

Bi_Nyota

Pole dada na dawa ya meno 😂 Hapana, ni lugha tu. Ilitungwa na daktari wa macho, Ludwik Zamenhof, Myahudi wa Białystok. Mji aliokulia ulikuwa na Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi, kila mmoja na lugha yake na chuki yake. Kitabu cha kwanza alikitoa Warsaw mwaka 1887, akajiita Dk. Esperanto, maana yake "anayetumaini". Jina la bandia la mwandishi likageuka jina la lugha. Nyota ya kijani ni alama ya kutambuana barabarani, haina maombi wala sadaka.

Sijui_Nimeingiaje

Asante. Na ni ngumu?

Bi_Nyota

Kwa Mswahili? Irabu tano, zetu zile zile. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Linavyoandikwa ndivyo linavyosomwa. Kila nomino inaishia na -o, kila kivumishi -a, wingi unaongeza -j. Na wanaunganisha vipande kama tunavyounganisha sisi. Mzungu akiona "malsanulejo" anatoka jasho: mal- ya kugeuza, san ni uzima, -ul mtu, -ej mahali. Mahali pa watu wasio wazima, hospitali. Wewe ambaye umekua ukisema "hawatanipigia", ha-wa-ta-ni-pig-i-a, hilo ni maji ya kunywa.

Yanapotubana ni mawili. Kwanza konsonanti zikirundikana: "strato" (barabara) tunaisema "sitirato", na "scii" (kujua) kila Mtanzania ana namna yake ya kuiua. Pili ile -n ya mtendwa. Sisi mtendwa tunamficha ndani ya kitenzi: nimemla. Kiesperanto kinamfunga mkia: mi manĝas fiŝon, nakula samaki. Ukisahau mkia haijulikani nani kamla nani.

Mwenge_Mpaka_Ubungo

Na mimi niseme langu. Kiswahili chenyewe si ndiyo lugha ya kuunganisha watu? UNESCO wametupa 7 Julai kuwa siku yake. Mnahangaika na lugha ya Mpolandi ya nini?

Fundi_Saa

Mkuu hakuna anayehangaika. Wengine wanafuga njiwa. Mimi Jumamosi yangu naisemea Kiesperanto, Jumatatu narudi Mwenge kukutengenezea saa kwa Kiswahili safi.

Mzee_wa_Bunda

Vijana wangu, nimesoma yote kwa utulivu. Nina miaka 68, na huku kwetu Bunda tulianza mambo haya zamani kidogo, wengine wenu mkiwa bado mnanyonya. Naomba niseme moja.

Huyo mgeni rasmi ni wa nini?

Nimehudhuria mikutano. Mgeni rasmi anaahidi saa 3 asubuhi, anafika saa 6. Muda huo wote tunakaa kimya kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, hatuthubutu kuanza. Akifika anasoma hotuba kwa Kiswahili, anasema lugha hii ni muhimu kwa maendeleo, na haijui. Tunapiga makofi kwa Kiswahili. Tunakula. Anaondoka na msafara, na nusu ya wajumbe wanaondoka naye kuomba lifti. Kiesperanto kilichozungumzwa siku hiyo ni neno "Saluton" kwenye bango, na bango lenyewe limekosewa.

Zamenhof mwenyewe hakutaka kukaa meza kuu. Kongamano la kwanza, Boulogne-sur-Mer mwaka 1905, walikuwa watu 688 tu, na pale pale walikubaliana kwa maandishi kwamba lugha haina mwenyewe, hata aliyeitunga si bwana wake. Mwaka 1912 kule Krakow akaomba kabisa asihesabiwe tena kuwa kiongozi, abaki mtu miongoni mwa watu. Sasa kama aliyeizaa lugha alikwepa kiti, sisi tunamtafutia nani bahasha ya laki?

Mimi natoka Bunda, napanda basi hadi Dodoma, nalala, kesho yake napanda treni. Sisafiri siku mbili kuja kusikiliza risala.

Mmachame_wa_Tabata

Mzee, makofi. Kwa lugha yoyote.

Bi_Nyota

Shikamoo Mzee. Umesema kilichokuwa kooni kwangu.

Kijani_Kihonda

Mzee shikamoo. Nimekuelewa. Ila niwe mkweli, mgeni rasmi nilimweka ili tupate ukumbi kwa urahisi, nilikuwa na mtu ofisi ya kata. Basi tukimtoa yeye tunatoa na ukumbi, spika, maiki, mapambo. Tunabaki na nini? Watu 20 tumekaa tunatazamana?

Fundi_Saa

Tunabaki na jiko.

Nieleze. Mwaka juzi tulikuwa wanne kwa binamu yangu Kigamboni, mvua ikatufungia, tukapika. Hatukupanga kuongea Kiesperanto. Lakini kitunguu kinataka kukatwa, moto umezidi, nani kachukua kisu, chumvi umeweka au hujaweka? Kwa saa tatu nilisema maneno niliyosoma miaka miwili bila kuyatumia. "Donu al mi la tranĉilon!" nipe kisu. Hakuna aliyesahau -n siku ile, maana anayetaka kisu anakitaka kweli. Darasani unaulizwa "jina lako nani" kwa mara ya mia, na jina langu wote wanalijua.

Kwa hiyo ratiba yangu: tusimwajiri mpishi. Tupike wenyewe, zamu kwa zamu, watu watano kila mlo, na jikoni hakuna Kiswahili.

Dada_Mwalimu

Hapo umenishawishi. Nimekuwa nikiona mikutano hii kama semina za kulipwa posho bila posho.

Ila wanaoanza wafanyeje jikoni? Napendekeza Jumamosi asubuhi kabla ya kupika nikae nao saa moja na nusu. Nawapa maneno 40 ya jikoni na vitenzi kumi, basi. Sarufi nzima Zamenhof aliiandika kwa kanuni 16, lakini mtu mwenye njaa anahitaji tatu.

Sijui_Nimeingiaje

Mwalimu, mtu ambaye hajui hata neno moja anaruhusiwa kuja? Naulizia rafiki yangu.

Dada_Mwalimu

Mwambie rafiki yako aje na daftari 😊

Bi_Nyota

Sasa suala la krokodili. Kwa wageni: Waesperanto wakikutana halafu mtu akaangukia lugha ya kwao, wanasema "anafanya mamba", krokodili. Tukiachia, Jumamosi saa 5 asubuhi wote tutakuwa mamba wa Rufiji. Napendekeza faini: sh. 500 kwa kila krokodili, ndani ya kopo. Walioanza kujifunza chini ya mwezi mmoja uliopita wamesamehewa.

Mmachame_wa_Tabata

Mia tano mara siku mbili, mimi nitarudi nyumbani kwa miguu. Mia mbili.

Bi_Nyota

Mia mbili, imepita. Lakini nina tatizo moja na nataka wazee walitolee hukumu.

Shikamoo.

Mimi siwezi kukutana na Mzee wa Bunda asubuhi, mtu anayeweza kunizaa, nikamwambia "Saluton!" kama namsalimia konda, nikapita. Najua lugha ina "vi" moja kwa wote, mkubwa kwa mdogo, mmoja kwa wengi. Najua ndiyo uzuri wake. Lakini kinywa kinagoma. Kule Arusha nilikuwa najikuta napiga goti kidogo huku nasema "Bonan tagon", mgeni mmoja akadhani nimeangusha kitu.

Fundi_Saa

Tutafsiri. "Mi tenas viajn piedojn", nashika miguu yako.

Bi_Nyota

Umwambie hivyo Mjapani wa miaka 70 saa 12 asubuhi bafuni, uone atakavyoitazama miguu yake.

Dada_Mwalimu

Wengine kule waliipokea kama neno geni tu, "ŝikamo". Hata "ŝikamoon!" nimeisikia, na -n juu, kama "saluton" yenyewe ilivyo na -n, maana ni kitu unachotoa. Kisarufi nailinda.

Mzee_wa_Bunda

Hukumu: shikamoo na marahaba hazilipiwi faini. Si krokodili hizo, ni malezi. Lakini zikishatoka hizo mbili, linalofuata liwe Kiesperanto. Msije mkanishikamoo halafu mkaendelea na habari za Simba na Yanga mpaka chai.

Mmachame_wa_Tabata

Na "pole"? Mtu akijikwaa?

Mzee_wa_Bunda

Pole mia mbili. "Ve!" inatosha.

Nai_Mgeni

Sasa watu wa Moro. Niko Nairobi, nasoma hii thredi toka juzi na nimecheka mpaka bosi akaniangalia. Mimi na mwenzangu tunaweza kuja? Tutapitia Namanga. Swali ni tutalala wapi njiani, na hiyo pesa tunatuma aje kutoka huku.

Kijani_Kihonda

Karibuni sana Nairobi! Beba pasipoti au kibali cha Afrika Mashariki, na kadi ya manjano usiiache. Kulala njiani, kama mtapitia Dar, mkaguzi wa Pasporta Servo yupo hapa hapa kwenye uzi.

Fundi_Saa

Ndiyo mimi, ila si mkaguzi, mimi ni mwenye godoro. Pasporta Servo ni orodha ya TEJO, chama cha dunia cha vijana Waesperanto, ipo tangu 1974: Mwesperanto anaandikisha kwamba ana mahali pa kulaza mgeni bure, sharti moja, mkifika mnaongea Kiesperanto. Nina chumba na sebule Sinza, godoro la ziada moja na mkeka. Mnakaribishwa wote wawili, mmoja atapata mkeka, mpige kura. Pesa leteni mkononi mkifika, msihangaike na makato ya mpaka.

Nai_Mgeni

Mko poa sana. Tutabeba majani chai.

Kijani_Kihonda

Mrejesho wa malazi. Leo nimezunguka na bodaboda sehemu nne. Kabla hamjaniambia "lodge ile ya bei nafuu", naomba niwakumbushe yaliyotukuta safari iliyopita kwa wale ambao hamkuwepo. Tulilipa nusu, tukapewa risiti yenye muhuri. Ijumaa jioni tunafika na mabegi, getini tunapokelewa na matarumbeta. Vyumba vyetu vyote kapewa mwenye harusi, kalipa zaidi. Mhudumu anatuangalia usoni anasema, "Nyie si ni wale wa warsha? Warsha huwa zinaahirishwa." Tulilala kwenye darasa la chekechea la mtu aliyetuhurumia, miguu ikitokeza nje ya vijiti vya kuhesabia. Pesa ilirudi Machi, pungufu ya elfu ishirini.

Kwa hiyo safari hii nimekwenda kwa masista. Hosteli, vitanda 26, kila chumba vitanda viwili au vitatu, maji ya moto ya ndoo, 15,000 kwa kitanda na chai ya asubuhi ndani. Kubwa zaidi: jiko la nje tunapewa bure, tukisafisha. Kuna mwembe mkubwa, chini yake mabenchi. Sista msimamizi aliniuliza, "Nyinyi ni dhehebu gani?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo akasema, "Kumbe ni kama Kilatini, ila mnakiongea." Nikasema ndiyo Sista.

Masharti: geti linafungwa saa 4 usiku, hakuna pombe, wanawake na wanaume majengo tofauti.

Mmachame_wa_Tabata

Hakuna pombe 😭 Mbege je? Ni chakula.

Bi_Nyota

Mbege si chakula kwa Sista. Ila hata kwenye mikutano ya vijana huko Ulaya wana sehemu ya usiku isiyo na pombe, taa hafifu, chai, watu wanaongea taratibu, mmoja anapiga gitaa. Wanaiita Gufujo. Inafaa kabisa chini ya mwembe baada ya chakula cha usiku mpaka geti lifungwe.

Kijani_Kihonda

Gufujo maana yake nini?

Bi_Nyota

Gufo ni bundi.

Kijani_Kihonda

Hapana. Hapana kabisa. Bibi yangu yupo Matombo, akisikia nimekaa gizani chini ya mwembe na watu wa mikoa mbalimbali kwenye "sehemu ya bundi", tunaongea lugha asiyoijua, ukoo utaitwa. Na Sista naye bango hilo atalisoma.

Mzee_wa_Bunda

Mwanangu ana haki. Kule kwao bundi ni ndege wa hekima, kwetu akilia juu ya paa tunaanza kuhesabu wagonjwa. Iiteni Tejo-ejo... hapana, hiyo nayo wale vijana wa TEJO watadhani tumewajengea ofisi. Iiteni "teejo" tu, mahali pa chai.

Dada_Mwalimu

Teejo. Irabu mbili zikifuatana kila moja isomwe. Te-e-jo. Mkazo kwenye e ya pili. Safi.

Fundi_Saa

Tarehe tukubaliane: Ijumaa hadi Jumapili kabla ya tarehe 15. Wachaga mtakuwa hamjaondoka.

Mmachame_wa_Tabata

Naondoka Jumatatu yake. Nitakuja na begi la kijijini kabisa, msishangae mkiniona na godoro.

Kijani_Kihonda

Bajeti mpya, nimeondoa ukumbi, spika, mapambo, mgeni rasmi na fulana. Anayetaka kijani avae chochote cha kijani alicho nacho, hata kanga.

Kwa watu 20: malazi usiku mbili 30,000 kila mtu, jumla 600,000. Chakula: mchele kilo 15, unga kilo 10, nyama kilo 8, mafuta lita 5, maharage anakuja nayo Dada Mwalimu, nyanya vitunguu nazi na ndizi nachukua sokoni Kingalu Ijumaa asubuhi, sukari, chai, maziwa, mkaa. Inakuja kama 276,000. Mchango 45,000 kwa kichwa, inabaki 24,000 ya dharura. Kopo la mamba litaongezea, nikimtazama Mmachame.

Mtunza fedha ni Bi Nyota. Tumeni na ya kutolea tafadhali, safari iliyopita makato yalitutafuna.

Bi_Nyota

Nimepokea tisa mpaka sasa. Watatu wametuma bila ya kutolea. Nawajua, sitawataja, mmoja anatengeneza saa.

Fundi_Saa

Nimetuma mia tisa sasa hivi.

Dada_Mwalimu

Ratiba ya jiko. Ijumaa usiku wali na maharage, kundi la Dar na wageni wa Nairobi. Jumamosi mchana ugali na nyama, kundi la Dodoma na Mzee kama msimamizi tu, hatakata kitunguu. Jumamosi usiku ndizi, Mmachame ndiye mkuu wa jiko kwa sababu za wazi. Jumapili tunakula viporo.

Swali limeletwa kwangu binafsi: ugali tunauitaje? Kamusi nyingi zitawapa "kaĉo", lakini hiyo ni kitu cha kukoroga na kunywa kwa kijiko. Huo ni uji. Ugali unasimama. Mimi natumia "ugalio".

Mmachame_wa_Tabata

Kaco inatosha, msitusumbue.

Dada_Mwalimu

NDUGU YANGU. Weka kofia kwenye hiyo c. Bila kofia umeandika tusi, na Mzee yupo humu.

Mmachame_wa_Tabata

Tusi gani?

Fundi_Saa

La wanaume. Usiulize zaidi, ni mbele ya watu.

Mmachame_wa_Tabata

Mungu wangu. Simu yangu haina kofia! Mzee shikamoo.

Mzee_wa_Bunda

Marahaba. Simu isiyo na kofia andika x: cx. Kacxo. Ndivyo tulivyofanya miaka yote kabla ya simu zenu za kubonyeza kwa kidole.

Sijui_Nimeingiaje

Rafiki yangu ametuma 45,000 na ya kutolea. Pia anauliza: "Mi volas ugalio" ni sahihi?

Dada_Mwalimu

Mwambie rafiki yako amesahau mkia. Mi volas ugalion. Asipoufunga jikoni hapati mnofu.

Sijui_Nimeingiaje

Mi volas ugalion kaj viandon. Nimeangalia neno la nyama mwenyewe. Samahani, rafiki yangu ameangalia.

Kijani_Kihonda

Watu 19 wamelipa, nimempelekea Sista nusu, kanipa risiti, nikamwomba aandike kwa mkono nyuma yake "si kwa ajili ya harusi". Kacheka, kaandika.

Jambo la mwisho kubwa: jiko la nje lina masufuria madogo tu. Kwa watu 20 tunahitaji sufuria moja kubwa ya wali. Kukodi na kusafirisha kutoka mjini ni 10,000. Nani anayo?

Nai_Mgeni

Sisi tunatoka mbali sana kubeba sufuria lakini kama ni lazima…

Mzee_wa_Bunda

Msibebe sufuria kuvuka mpaka, mtaulizwa maswali.

Mmachame_wa_Tabata

Ninayo. Ile kubwa ya mama, nilikuwa naipeleka Machame hata hivyo. Ila haina mfuniko, ulibaki kwenye msiba mwaka jana na hakuna anayekiri.

Dada_Mwalimu

Mfuniko ni kovrilo. Kovri ni kufunika, -il- ni kifaa. Funika, mfuniko, kovri, kovrilo. Mnaona sasa?

Mmachame_wa_Tabata

Naona Mwalimu. Lakini bado sina.

Sijui_Nimeingiaje

Kovrilo ninao. Wa sinia, utatosha. Naleta mimi.